Njia Bila Magari: Msitu wa Karura na Somo Lake kwa Buyenzi

Somo letu la leo linaanzia Buyenzi, litasafiri hadi Nairobi, kisha litarudi nyumbani. Linahusu jambo linaloonekana dogo: njia ya changarawe ndani ya msitu wa hifadhi, ambamo magari hayapiti na mwendesha baiskeli hahofii kugongwa. Nimelichagua kwa sababu ndani ya jambo hili dogo mna swali kubwa la uraia. Ardhi ya umma ni ya nani? Na pale njia inapokuwa nyembamba, nani huamua ni nani apishe?

Mtaa wenye nambari

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi hapa mwaka 1897, wakati mji ungali ukiitwa Usumbura. Wabelgiji waliuteka mwaka 1916, wakaufanya makao makuu ya utawala wao wa Ruanda-Urundi. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya kikoloni, watu walipangwa kwa asili zao: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao, na Waafrika katika vitongoji vilivyopimwa kwa kamba. Ndiyo maana njia za Buyenzi zimenyooka kama mistari ya daftari, na hadi leo hutambulika kwa nambari. Mtu akikuuliza unakaa wapi, humtajii jina la shujaa wala la mti. Unamwambia uko njia ya saba au ya kumi na tano, naye anaelewa.

Katika njia hizo Kiswahili kilipata makao. Waliokileta walikuwa wafanyabiashara, mafundi, wapagazi na askari kutoka Ujiji, Kongo na pwani, na Uislamu ukawa nguzo ya mtaa. Leo Buyenzi inasifika kwa mambo mawili hasa: lugha yake na mafundi wake. Gari lililoshindikana kwingine hupelekwa Buyenzi. Baiskeli nayo ina mafundi wake, wanaokaa kivulini na beseni la maji la kutafutia tundu la tairi, huku wateja wakisubiri juu ya vibao.

Hebu tulisimamishe somo kidogo, tuitazame lugha. Kiswahili sanifu kinasema *baiskeli*, neno lililotokana na Kiingereza. Kirundi kinasema *ikinga*. Nasi wa Bujumbura, pamoja na ndugu zetu wa mashariki ya Kongo, mara nyingi tunasema *kinga*. Ukilitumia neno hilo Mombasa au Unguja, msikilizaji atadhani unazungumzia kitu cha kuzuia madhara, kwa maana katika Kiswahili sanifu kinga ni ulinzi: kinga ya maradhi, kinga ya mvua. Maneno haya mawili yamekutana kwa bahati tu, wala hayana nasaba moja. Lakini likumbuke neno hili, kwa kuwa tutaona jinsi baiskeli inavyoweza kuwa sehemu ya ulinzi wa msitu.

Maana ya kuhifadhi

Neno la pili ni *hifadhi*. Katika vitabu vya jiografia utalikuta katika maneno kama hifadhi ya taifa, hifadhi ya misitu na hifadhi ya wanyama. Wengi hulielewa kama mahali palipofungwa: pana kizuizi, pana askari, na mwananchi hana ruhusa ya kuingia.

Lakini mtoto wa Buyenzi amelijua neno hili kabla hajaenda shule. Amelisikia madrasani. Kuhifadhi ni kuitia sura ya Qurani moyoni ili isipotee. Kila aliyepitia njia hiyo anajua kwamba sura haihifadhiki kwa kufungiwa kabatini. Huhifadhika kwa kurudiwa, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Asiyeirudia huisahau, hata kama aliwahi kuisoma yote kwa ghibu mbele ya mwalimu wake.

Basi nakuomba uisome historia ya msitu wa Karura ukiwa na maana hizo mbili akilini. Je, msitu huhifadhiwa kwa kufungwa, au kwa kurudiwa?

Msitu uliozungukwa na mji

Karura uko kaskazini mwa Nairobi, nchini Kenya. Nasi Warundi hatuna budi kuijua Kenya, kwani tangu mwaka 2007 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa Jumuiya umekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake. Historia ya jirani ni sehemu ya masomo yetu ya uraia.

Kabla ya ukoloni, msitu huu ulikuwa katika nchi ya Wakikuyu. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na ikaja na njaa ya kuni, kwa sababu injini za wakati huo zilichemsha maji kwa moto wa magogo. Sehemu za misitu ya asili zilikatwa, na mahali pake ikapandwa mikaratusi, mti wa kigeni unaokua haraka. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliutangaza Karura rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Eneo lake ni hekta zipatazo 1,041. Ndani yake hupita mito, ikiwemo Karura na Ruaka. Pana maporomoko ya maji, na pana mapango yanayokumbukwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau wakati wa vita vya ukombozi.

Mji ukakua ukauzunguka msitu. Upande mmoja ni Muthaiga, upande mwingine ni Runda, na karibu yake ni Gigiri, yalipo makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Hii ni mitaa ya watu wenye uwezo mkubwa. Lakini pembezoni pana pia watu wasio na uwezo, kama wakazi wa kijiji cha Huruma, ambao kwa miaka mingi walitegemea msitu kwa kuni. Kiwanja katikati ya majirani kama wale wa Muthaiga na Runda kilikuwa na thamani kubwa mno, na thamani hiyo ndiyo iliyouletea msitu hatari yake kuu.

Mwaka mmoja wa mapambano

Katika miaka ya 1990 kulienea nchini Kenya desturi ya kugawa ardhi ya umma kwa watu binafsi, mara nyingi kama zawadi ya kisiasa. Mwaka 1998 ilifahamika kwamba sehemu kubwa za Karura zilikuwa zimekwisha kugawiwa wajenzi. Vibao havikuwekwa, wala wananchi hawakuulizwa. Miti ilianza kuanguka, na mitambo ikaingia.

Aliyesimama mbele ni Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1977 alikuwa ameanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, lililowaunganisha wanawake wa vijijini katika kupanda miti. Mwaka 1989 alikuwa amepinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru katikati ya Nairobi, na jengo hilo halikujengwa. Kwa hiyo watawala walikuwa wanamjua, naye alikuwa anawajua.

Angalia mbinu yake, msomaji, kwani ndiyo kiini cha somo. Hakuanza kwa kubeba silaha wala kwa matusi. Alibeba miche. Yeye na wenzake walikwenda msituni kupanda miti mahali palipokatwa. Ulikuwa ujumbe usiohitaji mkalimani: hapa ni mahali pa miti, nasi tuna haki ya kuingia. Mwezi Oktoba 1998 hasira zilipanda, na mitambo ya ujenzi iliyokuwa msituni ikachomwa moto. Msitu ukalindwa kwa walinzi wa kukodiwa, na lango likafungwa.

Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Maathai alirudi akiwa na wafuasi wake, wabunge kadhaa na waandishi wa habari. Walipozuiwa kuingia, waliamua kupanda mche mmoja tu nje ya lango. Walinzi wenye marungu, mapanga na mijeledi wakawashambulia. Profesa Maathai alijeruhiwa kichwani, damu zikamtiririka, akaenda kuandikisha malalamiko polisi kabla ya kupata matibabu. Picha zilienea duniani. Baadaye mwezi huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na Nairobi ikashuhudia siku za makabiliano kati yao na polisi. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alikuwa miongoni mwa waliolaani shambulio lile.

Tarehe 16 Agosti 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Ujenzi katika Karura ukasimama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, Maathai aliingia bungeni, kisha akawa naibu waziri wa mazingira. Mwaka 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki iliunda tume, maarufu kwa jina la mwenyekiti wake Ndung'u, kuchunguza ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria. Ripoti yake ilikamilika mwaka 2004. Mwaka huohuo wa 2004 Wangari Maathai akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kushinda si kuhifadhi

Wanafunzi wengi hupenda hadithi iishie hapo, kwenye ushindi na tuzo. Lakini mwanahistoria huuliza: asubuhi iliyofuata, msitu ulikuwa katika hali gani?

Ukweli ni kwamba kwa takriban miaka kumi baada ya ushindi huo, watu wa Nairobi waliuogopa Karura. Hakukuwa na majengo, lakini hakukuwa na matembezi pia. Msitu ulijulikana kwa ujambazi, uchomaji haramu wa makaa na utupaji wa taka. Mzazi hakuthubutu kumpeleka mtoto wake huko. Karatasi zilisema ni ardhi ya umma, ila umma haukuweza kuitumia. Kwa lugha ya madrasa, sura ilikuwa haijachanwa wala kuchomwa, lakini hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Mabadiliko yalikuja kupitia sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu jamii zinazoishi karibu na msitu kuunda chama na kushirikiana na serikali katika kuutunza. Huduma ya Misitu ya Kenya ilianzishwa, na kuelekea mwaka 2010 kikaundwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Uzio wa umeme ulijengwa kuuzunguka msitu. Vijana kutoka jamii jirani, Huruma ikiwemo, waliajiriwa kuwa walinzi wa doria. Mtu aliyeujua msitu kwa kukata kuni akawa anaujua kwa kuulinda, na akapata mshahara kwa ujuzi huo. Mikaratusi ilianza kuondolewa hatua kwa hatua, na miti ya asili kama muhugu ikapewa nafasi.

Kisha zikafunguliwa njia. Leo msitu una zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Magari ya wageni huachwa kwenye maegesho karibu na malango. Kuanzia hapo, mwenye gari la thamani na aliyefika kwa matatu ni sawasawa: wote wana miguu miwili au magurudumu mawili. Asiye na baiskeli aweza kukodi.

Ndani ya njia

Hebu tupande pamoja, kwa fikra. Njia ni ya udongo mwekundu uliochanganyika na changarawe. Mvua ikinyesha, udongo huo hunata kwenye matairi kama unga wa muhogo mkononi. Jua likiwaka, huwa mgumu na hupiga kelele chini ya gurudumu. Hakuna lami, na hilo ni jambo jema, kwani mwendo hauwi mkubwa na maji ya mvua hupenya ardhini. Njia hushuka hadi mtoni, kisha hupanda kwa mteremko unaomfanya hata kijana mwenye nguvu ashuke na kusukuma.

Penye makutano ya njia kuna kibao chenye nambari. Mgeni akipotea, hutazama nambari na ramani, akajua aelekee wapi. Akiumia, huwaambia walinzi nambari iliyo karibu naye, nao humfikia. Unakumbuka njia za Buyenzi? Nambari zilezile ambazo mkoloni alizitumia kuwapanga watu ili awatawale, hapa zinatumika kumsaidia mwananchi asipotee katika mali yake mwenyewe.

Sasa fikiria jinsi njia hizi zinavyoulinda msitu. Mkata miti wa usiku na mtupa taka hupenda mahali pasipo macho. Njia inayopitwa kila siku na wakimbiaji, familia na waendesha baiskeli ina macho mengi. Mti ukianguka, taarifa hufika. Uzio ukikatwa, mtu huona. Ada ya kiingilio husaidia kulipa walinzi na kutengeneza madaraja. Na zaidi ya yote, mtu aliyejifunza kuendesha baiskeli msituni akiwa mtoto hatanyamaza siku atakaposikia kwamba msitu huo unagawiwa. Ndiyo maana nilikuambia ulikumbuke neno kinga.

Lakini haki inanitaka niseme na upande wa pili. Njia nyingi mno huweza kuudhuru msitu: udongo hushindiliwa, ndege na wanyama hukosa utulivu, na mwendesha baiskeli mwenye papara humtisha mzee anayetembea. Uzio unaomzuia mwizi humzuia pia mama aliyezoea kuokota kuni. Na ada, hata ikiwa ndogo kwa mwenye kazi ya ofisini, ni kubwa kwa familia ya watoto watano. Hifadhi inayolindwa na macho ya watu wenye uwezo pekee itaonekana na wengine kuwa bustani ya matajiri. Siku ya hatari wale wengine hawatakuja kuitetea.

Wala mapambano hayajaisha. Mwaka 2025 ulizuka mvutano kati ya serikali na chama cha Marafiki wa Karura juu ya nani akusanye ada za kiingilio na kwa njia gani, na shauri likafika mahakamani. Wengine watauona kuwa ni ugomvi wa fedha tu. Mimi nauona kuwa ni swali lilelile la mwaka 1998 lililovaa nguo nyingine: mali ya umma isimamiwe na nani, na kwa kuwajibika kwa nani? Tofauti ni kwamba safari hii swali limepelekwa mbele ya hakimu badala ya kupelekwa mbele ya marungu. Hayo ni maendeleo, na tusiyadharau.

Turudi nyumbani

Sasa tushuke kwenye baiskeli ya fikra, tupande ile ya kweli. Kutoka Buyenzi ukielekea magharibi na kaskazini, mwendo wa kilomita zisizozidi sana 15, unafika Rusizi, mahali mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Hapo pana viboko na mamba, matete na ndege wengi wa majini, na juu zaidi pana mikoche, jamii ya mitende ya porini. Eneo hili liliwekwa chini ya ulinzi kwa sheria ya Machi 1980, ileile iliyoufanya msitu wa Kibira, uliokuwa mawindo ya wafalme wa Burundi, kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 2002 Rusizi iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye umuhimu, chini ya mkataba wa Ramsar.

Yaani wewe unayekaa njia ya saba una hifadhi karibu kuliko wakazi wengi wa miji ya Afrika. Hata hivyo, nikiuliza darasani ni nani amewahi kuingia Rusizi, mikono inayoinuka huwa michache. Wengi wanaijua kwa hadithi za Gustave, yule mamba mkubwa aliyevuma duniani, na kwa habari za mafuriko ya Gatumba. Wanaoingia kila siku ni wale wanaotafuta malisho, kuni, samaki au shamba. Siwalaumu kwa njaa yao. Nasema tu kwamba mahali panapotembelewa na wahitaji na wageni wenye kamera pekee, raia wa kawaida hapajui, na asichokijua hatakitetea.

Na baiskeli zetu je? Unajua jinsi zinavyobeba mji huu. Ndizi hushuka kutoka milimani ya Bugarama zikiwa zimefungwa juu ya magurudumu mawili, na wakati wa kupanda, vijana wengi hujishikiza nyuma ya malori, jambo la hatari ambalo limegharimu maisha. Mwezi Machi 2022 mamlaka zilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji za biashara kuingia katikati ya Bujumbura na katika baadhi ya barabara zake kuu, zikieleza haja ya usalama na kupunguza ajali. Ajali zilikuwepo kweli. Lakini maelfu walioishi kwa magurudumu hayo nao walikuwepo.

Weka sasa maamuzi mawili ubavu kwa ubavu. Katika msitu wa Nairobi, umma uliamua kwamba gari ndilo lipishe, ili mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli wapite salama. Katika mji wetu, iliamuliwa kwamba baiskeli ndiyo ipishe, ili gari lipite salama. Sikuletei maamuzi haya ili nikuambie ni lipi jema na ni lipi baya. Mji una mahitaji ambayo msitu hauna. Nimeyaleta ili uone kwamba yote mawili ni *maamuzi*. Hakuna sheria ya maumbile inayosema gari litangulie. Njia ni ardhi ya umma iliyogawiwa watumiaji, na mgawo huo hufanywa na watu, huandikwa na watu, na waweza kujadiliwa na watu.

Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, katika ibara ya 35, iliipa serikali wajibu wa kusimamia vyema maliasili na kuyatunza mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ni wewe unayesoma. Huna haja ya kungoja ukabidhiwe. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini darasa moja laweza kuandika barua kwa heshima kwa ofisi inayohusika na mazingira, likaomba siku ya ziara. Darasa likiingia Rusizi mara moja, litakuwa limetalii. Likirudi kila muhula, likahesabu ndege, likaokota chupa, likaandika lilichokiona, litakuwa limeanza kuhifadhi kwa ile maana ya madrasani. Na siku moja huenda wahusika wakakubali kutenga njia ya changarawe pembezoni mwa hifadhi, isiyoingiliwa na magari, ambamo fundi wa Buyenzi atawapeleka wanawe Jumapili kwa baiskeli aliyoitengeneza mwenyewe.

Wangari Maathai alifariki Septemba 2011. Miche aliyoshambuliwa kwa ajili yake ilikuwa midogo kuliko mkono wa mtoto. Kilichobaki katika Karura leo ni kivuli, na chini ya kivuli hicho kuna alama za matairi kwenye udongo mwekundu. Mvua huzifuta usiku, na asubuhi watu huja kuzichora upya.

Maswali ya mjadala

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya *kuishinda* ardhi ya umma na *kuihifadhi*. Toa mfano kutoka mtaani kwako.
2. Je, ni haki kutoza ada ya kuingia katika hifadhi? Andika hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga.
3. Katika Kiswahili, neno *barabara* lina maana ya njia kuu, na pia maana ya *sawasawa*, kama tunaposema "amejibu barabara." Tunga aya moja juu ya njia unayoipita kila siku, ukitumia neno hilo kwa maana zake zote mbili. Kisha waulize wazee wa nyumbani njia hiyo ilikuwaje walipokuwa na umri wako, na ni nani aliyeamua iwe kama ilivyo sasa.